Sijida ya Usukani

Kiti kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana gari lenyewe lilifichwa ndani kabisa ya banda, nyuma ya malori mabovu, mahali ambapo hata mchana mtu hupapasa ukuta asijikwae. Lilikuwa joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Bwana Chanjo alikaa, akaegemea, akafumba macho, na mgongo wake uliomtesa miaka nenda rudi ukatulia tuli.

"Nani alikuwa amekaa humu?" aliuliza.

"Hakuna mtu," dalali wa yadi alijibu. "Hicho kiti, mzee wangu, ukikikalia unasahau jina la mkeo."

"Nikimsahau, kaka yake ni huyu hapa," Bwana Chanjo alisema, akimwonyesha shemeji yake fundi kwa kidevu. "Atanikumbusha kwa spana."

Walicheka, isipokuwa fundi.

Bwana Chanjo alikuwa muuzaji wa dawa na chanjo za mifugo, na wafugaji ndio waliompa jina hilo. Kazi yake ilikuwa barabara. Asubuhi alipakia boksi la barafu lenye chanjo, akazunguka huku na huko kwa wafugaji, akarudi jua likizama, na kesho tena. Pikapu yake ya zamani ilikuwa na viti kama benchi la mahakama, vikamharibia pingili za kiuno. Halafu siku moja ikamzimikia porini kwenye jua kali mpaka barafu ikawa maji, chanjo zikaharibika, na mabanda mazima ya kuku yakateketea. Wafugaji wakamwita mwongo machoni pake. Toka siku hiyo akawa anataka gari lenye mambo mawili tu: lisimvunje mgongo, na lisimlaze njiani.

Fundi alikuwa amekwisha kumchagulia. Nje palikuwa na gari jeupe, viti vigumu kidogo, milango inayolia, lakini injini isiyo na hila. Fundi yule alikuwa na namna yake ya kuchagua gari. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Gari jeupe alilisikiliza kwa raha zake. Hili la kijivu alilisikiliza kidogo tu, akaiondoa bisibisi upesi, akafuta sikio kwa kitambaa cha grisi.

"Vipi?" Bwana Chanjo aliuliza.

"Chukua lile jeupe."

"Hili lina ubaya gani?"

"Halina."

"Sasa?"

"Ndiyo hivyo, shemeji. Gari limetembea namna hii halafu halina kasoro hata moja. Chukua lile jeupe."

"Wewe mgongo wako mzima, ndiyo maana unapenda watu wakalie mbao."

Dalali akacheka tena, na fundi akafunga mdomo. Alikuwa na neno la kusema, akalimeza kwa kuogopa kuchekwa. Wengi wetu tuna udhaifu huo, Mungu atusamehe. Jioni ile gari la kijivu lililala nyumbani kwa Bwana Chanjo.

Mkewe alilizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayemkagua mkwe. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, nyumba imebaki ya wawili, na mama huyo hakuwa na haja ya gari zuri. Haja yake ilikuwa mume arudi.

"Linapendeza, baba watoto," alisema. "Ila mbona linanitazama?"

"Ni taa hizo, mama. Litazame na wewe mtoshane."

Kusema kweli, gari lilimtii. Matope, mchanga, milima, halikukohoa. Mafuta ya injini yalikuwa masafi siku zote kama yametoka dukani leo. Na kile kiti kilimkumbatia. Alishuka jioni hana maumivu, anatembea kama kijana anayekwenda kuposa.

Hapa sharti tuseme ukweli, ingawa ni aibu. Bwana Chanjo alikuwa mtu wa sala. Zamani, wakati ukiingia yuko safarini, alisimama kando ya barabara, akatandika msala kwenye changarawe na kusali hapo, malori yakimpita na kumtimulia vumbi. Alipopata gari hili, siku moja mvua ilinyesha, akasali akiwa ameketi ndani. Mvua ni udhuru, hakuna wa kumlaumu. Lakini mvua iliisha na yeye akaendelea. Siku nyingine ilikuwa jua, nyingine miiba, na baadaye hakutafuta hata sababu. Alizima injini, akanyoosha mgongo kitini, akasoma aliyosoma, na ilipofika kusujudu aliinama mpaka paji la uso likagusa usukani.

Usukani ule ulikuwa laini. Na kila alipouwekea paji, kitu kilidunda ndani yake, polepole, kama mshipa wa shingo. Alijiambia ni injini inapoa. Injini iliyozimwa haidundi. Yeye alijua hivyo, na sisi tunajua hivyo.

Balaa lilianza na mbuzi. Alikuwa upande wa pili wa barabara, anakula majani yake, hana habari. Usukani ulijipinda wenyewe mikononi mwa Bwana Chanjo, gari likakata barabara, likamgonga mbuzi, likarudi nyuma juu yake, likampanda tena, na mifupa ikasikika ikivunjika chini ya sakafu kama mtu anayetafuna. Bwana Chanjo alishuka, tayari kumlipa mwenye mbuzi. Hakukuwa na mbuzi, na bampa ilikuwa safi, imelowa kidogo, kama sahani iliyolambwa.

Baada ya hapo gari likawa linawafuata ng'ombe waliopotea, mbwa, punda wa watu. Bwana Chanjo alishika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na bado gari lilikwenda lilikotaka. Ndani pakaanza kunuka damu mbichi, na kadiri alivyoosha ndivyo harufu ilivyozidi.

Kwa nini hakuliacha? Kwa sababu mgongo hauumi na chanjo zinafika. Starehe inapotukolea hivyo, tunaomba nyingine hali tumekalia hii.

Siku moja karani wa ghala alipanda naye kwenda kukabidhi mzigo. Alikuwa mtu wa maneno.

"Gari linanuka bucha hili," alisema akikaa kando ya dereva. "Wewe unauza chanjo au nyama? Tuambie, tuje na visu."

"Fungua dirisha, upepo uingie."

Karani alishusha kioo, akatoa mkono nje, vidole vikishika ukingo wa juu wa dirisha. Kioo kikapanda. Alicheka kwanza, akidhani ni utani, akasema, "Basi bwana, umeshinda," lakini Bwana Chanjo hakuwa amegusa kitu, na kioo kiliendelea kupanda, taratibu, bila haraka, kikabana nyama, kikafika kwenye mfupa, na karani akapiga kelele ambayo haikuwa na neno ndani yake. Vidole vilikatika. Ndipo kioo kikashuka. Na kutoka kwenye mgongo wa kiti, si masikioni bali kati ya mabega yake, Bwana Chanjo alisikia sauti nzito na tulivu:

"Mshushe huyo. Mimi na wewe tunatosha."

Alimfikisha karani hospitali, akarudi nyumbani, akaegesha gari uani. Mkewe alipomwona tu alijua.

"Sitaligusa tena," Bwana Chanjo alimwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba gari linasikiliza. "Nakwenda kwa kaka yako. Na wewe usilikaribie."

"Na chanjo zilizomo?"

"Achana nazo."

Alimkuta fundi gereji, akamweleza yote. Fundi hakushangaa. Alivuta kigoda, akakaa karibu.

"Siku ile, shemeji," alinong'ona, "kwenye bisibisi nilisikia mtu anapumua. Halafu akaacha kupumua. Kama aliyejua kwamba anasikilizwa."

"Na hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Na ni kweli, angemcheka.

Wakaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyejulikana kwa kuwasomea waliopatwa na majini. Hakuuliza habari za gari wala za mbuzi.

"Ukiwa safarini unasalia wapi?" aliuliza.

"Ndani ya gari, mwalimu. Kwenye kiti."

"Ukisujudu, paji lako linagusa nini?"

Bwana Chanjo alitazama miguu yake. "Usukani."

"Na nani alikwambia pale hapana mwenyewe?" Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Kiumbe kile kilikuwa kinakaa tu. Wewe umekipa kila siku kisichokuwa haki yake, na umekizoesha. Sasa kinajiona bwana wako. Yeyote anayekukaribia kinamwona mwizi. Nyumbani umemwacha nani?"

"Mke wangu."

Mwalimu alisimama, hakuvaa hata viatu.

Waliisikia honi kabla hawajafika, mlio mmoja mrefu usiokatika, na majirani walikuwa wamesimama mbali na uzio, hakuna anayethubutu kuingia. Mama wa watu alikuwa amezifikiria zile chanjo, namna zitakavyoharibika juani na namna mumewe atakavyoitwa mwongo kwa mara ya pili, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria, akapanda kitini ili alivute boksi lililokuwa nyuma. Mlango ukajifunga. Mkanda wa kiti ulikuwa umemzunguka shingo zaidi ya mara moja na ulikuwa ukijivuta, ukijivuta, kichwa chake kikigongwa kwenye dirisha kwa mpigo uleule, gu, gu, gu, kioo chekundu upande wa ndani, miguu yake ikipiga dashibodi.

Fundi alivunja dirisha kwa nyundo, akaingiza mkono wenye kisu akaukata mkanda, na mkanda ukatoa damu, damu nzito ya moto iliyomrukia usoni, kisha palipokatwa pakajiunga na vipande vya kioo vikainuka kutoka sakafuni kama meno na kumshika mkono ule kuanzia kiganja mpaka kiwiko, vikamchana, akaanguka nje akiushika mkono uliokuwa umebaki na ngozi iliyoning'inia, na wakati huohuo mwalimu alikuwa amesimama mbele ya taa akisoma kwa sauti ya juu, gari likinguruma na kumsukuma, bampa ikimpiga magoti, anaanguka, anasimama, anasoma, lakini shingo ya mama yule ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kama mkono wa mtoto na macho yake yamemgeukia mumewe.

Mlango wa dereva ulifunguka wenyewe, polepole, kama wa mwenyeji anayekaribisha mgeni.

"Njoo," sauti ilisema. "Nisujudie kama kawaida. Nitamwachia."

"Usiingie," mwalimu alilia. "Nakaribia kulimaliza. Usiingie."

Bwana Chanjo alimtazama mkewe. Ulimi wake ulikuwa umetoka, umekuwa wa zambarau. Akaingia. Akakaa kwenye kiti kile, na kiti kikampokea, kikampapasa mgongo palepale panapouma, na yeye, hali akijua safari hii anamwinamia nani, akalaza paji lake juu ya usukani.

"Niachie mke wangu," alisema. "Nakuomba. Nakuomba wewe."

Usukani ulidunda mara moja. Mkanda ukalegea. Mama akavuta pumzi, pumzi moja ndefu ya kukwaruza, iliyoingia na kuingia kana kwamba haitafika mwisho. Papo hapo honi ikakatika, injini ikazima, vioo vyote vikapasuka, na uani pakawa kimya hata wakasikia damu ya fundi ikidondoka kwenye udongo.

Mwalimu aliweka kiganja juu ya boneti. Akasikiliza kwa muda.

"Chuma kimebaki chuma," alisema. "Kile kiumbe kimeondoka." Alifurahi, na wote walifurahi. Hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi.

Fundi alipona, ingawa mkono ule haushiki tena spana. Gari lilikatwakatwa, likauzwa kwa kilo. Bwana Chanjo alinunua lile jeupe, na mgongo wake ukaanza tena kumla, akayapokea maumivu yale kwa shukrani. Alimwendea mwalimu kuuliza habari za ile sijida ya mwisho.

"Aliyelazimishwa, na moyo wake ukakataa, Mola anamjua," mwalimu alimjibu.

Aliitika na kuondoka. Hakumwambia kwamba moyo haukukataa. Kwa muda ule mfupi aliomba kwa moyo wote, kuliko alivyowahi kumwomba aliyestahili kuombwa.

Mkewe alikuwa kitandani, shingo imefungwa bandeji, sauti imepotea. Madaktari walisema koo limepondeka, huenda asiseme tena. Aliandikiwa uji mwepesi na kutoachwa peke yake, basi Bwana Chanjo akawa anasalia chumbani. Chumba kilikuwa chembamba, kitanda kimewekwa upande wa kibla, na hakikuwa na pa kusogezwa.

Alasiri moja alitandika msala chini, kwenye sakafu, kama inavyotakiwa. Mkewe alikuwa amelala chali, macho wazi, anamtazama. Alimtabasamia, akaanza sala. Akasoma, akainama kurukuu, akasimama, akashuka kusujudu. Paji lake liligusa msala, na akatulia hapo akimshukuru Mungu aliyemrudishia mwenzake.

Kitanda kililia kidogo, kama mtu amejiinua kukaa. Kisha juu ya kichwa chake, kutoka kwenye lile koo lililopondeka, ikatoka sauti nzito na tulivu.

"Nimepokea," ilisema. "Inuka."

Bwana Chanjo hakuinuka. Alibaki paji chini, mikono imebonyea kwenye msala, akisikia miguu mitupu ya mkewe ikishuka kitandani mmoja baada ya mwingine na kusimama mbele ya kichwa chake, akitafuta kwa nguvu zake zote jina la Mungu mdomoni mwake, na asilipate.