Usipojibiwa, Tuma Tena

Mikono miwili iliishika sweta moja kutoka pande mbili za rundo la mitumba, na hakuna aliyekubali kuachilia. Asubuhi hiyo Eldoret ilikuwa na ile baridi ya kupenya hadi kwenye meno, na wauzaji walipiga makofi wakiimba bei.

"Madam, achilia. Hii ni ya wanaume," alisema kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ya nguvu.

"Imeandikwa wapi?"

"Si uangalie mabega?"

"Kwani mabega yangu umeyapima lini?"

Muuzaji alicheka hadi akakohoa. Msichana, jina lake Nasike, alilipa na kuivaa papo hapo juu ya gauni lake la kitenge. Kijana, Omollo, alimsindikiza hadi barabarani akidai kwamba anaiaga sweta tu. Jumatatu wakagongana tena, safari hii mlangoni mwa ofisi moja mtaani Elgon View. Omollo alikuwa ameunda chombo cha kompyuta. Nasike alikuwa ameajiriwa kukiandikia maelezo. Mapenzi hayana adabu, hayakungoja hata mwisho wa mwezi.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kutuma maombi ya HTTP, yaani vijibarua ambavyo kompyuta moja huiandikia nyingine: nipe bei ya mahindi, pokea oda hii, mpelekee fulani ujumbe. Watumiaji wake hawakuwa watu bali mawakala wa AI, programu ambazo hutumwa kazi na kuifanya zenyewe. Wakala wa namna hiyo hana busara ya kuuliza jirani. Anajua alichoandikiwa, basi, na kila sentensi ya Nasike kwake ilikuwa amri.

"Nyar Moi's Bridge," Omollo alimwita, yaani binti wa Moi's Bridge kwa Kijaluo chake, "hawa watoto wetu umewafunza adabu?"

"Adabu wameitoa kwa mama. Akili watoe kwako, kama iko."

Kisha mamake Nasike akafa.

Nasike alikuwa ameketi kando ya jeneza, nyumbani kwao Moi's Bridge, macho makavu, simu ilipotetemeka mkononi. Ujumbe wa Omollo. *Nasike wangu, sina maneno ya kukupa, lakini nakuja. Usikae peke yako.* Kabla hajaumaliza, ukaingia mwingine, maneno yale yale. Halafu mwingine. Na mwingine, hata koma ikiwa mahali pale pale, mpaka shangazi yake Maximilla akamkodolea macho. Nasike akadhani ameelewa: mpenzi wake ameiachia mashine kazi ya kumfariji. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu katika dhiki ametuma roboti.

Omollo alifika jioni, viatu vimejaa tope, suti nyeusi ya kuazima ikimbana kwapani.

"Nani aliandika ile message?" Nasike aliuliza.

"Ni mimi."

"Na mbona ikakuja mara hizo zote?"

Omollo alilitazama jeneza. "Simu ilikuwa imezima. Nikaandika kwa laptop, nikampa wakala atume na tool yetu. Makosa ni yangu, Nasike. Pole."

"Basi rudi na mashine yako."

Akarudi. Waombolezaji walimwona akipita kando ya shamba la mahindi hadi barabarani, na Nasike hakuhisi kitu. Hasira ingekuwa afadhali.

Hakuhisi kitu hata aliporudi kazini. Omollo alikuwa amepelekwa mjini Turbo kumhudumia mteja mmoja, mnunuzi wa mahindi. Akipiga simu, Nasike aliitazama ikiita mpaka inyamaze. Alioga, alivaa, aliandika, alilala. Watu walimsifu kwamba ameupokea msiba vizuri.

Siku moja mkubwa wake, Chebet, alisimama kando ya meza yake.

"Nasike dear, huyo mteja wa Turbo analia. Ameagiza lori moja la mahindi, wakala ameagiza tatu. Hebu cheki maelezo yetu."

Aliyafungua. Sentensi ilikuwa pale, aliyoiandika mwenyewe: *Usipojibiwa, tuma tena.* Kwa kuuliza bei haina neno, kwani kuuliza mara mbili si dhambi. Lakini ukituma kitu, kitu chaweza kufika na jibu likakwama njiani. Mtandao wa kijijini kwao ulikuwa umelegea siku ile ya msiba. Wakala wa Omollo hakujibiwa, akatii, akatii tena.

Alirekebisha sentensi kwanza, maana malori ya watu hayangoji mapenzi, kisha akapiga simu.

"Nasike?" Sauti ya Omollo ilikuwa na woga.

"Yale maneno ni yako?"

"Yote. Wakala alibeba tu."

"Na ulijua mbona yalirudia."

Huko Turbo lori lilipiga honi.

"Omollo, ulijua?"

"Nilijua pale pale. Ile sentensi yako ya kutuma tena."

"Na ukasema makosa ni yako! Mbona hukuniambia?"

"Mama alikuwa amelala hapo mbele yako, Nasike. Ningesemaje? Eti umekosea kazi?"

Nasike alishika ukingo wa meza. Alimpenda mtu huyu. Alilijua hilo kwa akili, lakini kifuani hapakuwa na chochote, na jambo hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

"Nikuambie ukweli, sihisi kitu. Hata sasa. Sijalia hata siku moja."

"Sijakuitisha machozi."

"Unataka nini basi?"

"Kukuoa. Nilikuwa nimepanga kuuliza Disemba, nikiwa nimevaa poa."

"Unaweza oa mtu amekufa ganzi?"

"Ganzi huisha, mpenzi. Na ikiisha huuma vibaya. Hapo ndio nataka nikuwe karibu."

Nasike alitaka kumtania, kama zamani, lakini chozi likadondoka juu ya meza. Chebet aliinua macho upande wa pili wa chumba, akaweka kalamu chini.

"Nasike? Uko?"

"Omollo."

"Eeh?"

"Kuja," alisema, na sauti ikamkatika. "Imeanza."