Damu Iliyofurahisha Maabara

Foleni ya kutoa damu ya utafiti ilifika hadi mlangoni, na kinyozi alikuwa wa mwisho kukunja mkono wa shati.

"Fomu inasema unashika wembe kutwa," mtaalamu wa maabara alimtania, gauni lake la zambarau likichungulia chini ya koti jeupe. "Mbona sindano inakutoa jasho?"

"Wembe naushika mimi, dada. Sindano umeishika wewe."

Alicheka hadi akaukosa mshipa. Alipoupata, namba ya simu nayo ilikuwa imeshapatikana.

Wakapendana. Yeye akawa Sindano, kinyozi akawa Wembe wangu. Baba yake kinyozi alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka arobaini na miwili. Sasa kaka yake, dereva, alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kushika kifua. Ndiyo maana ndugu hao walijiunga na utafiti ule uliosoma jeni, protini na mafuta ya damu kwa pamoja, kujua mishipa ya moyo wa nani inaziba mapema na dawa ipi itamfaa.

Mchana mmoja simu ililia saluni.

"Wembe wangu, leo tumeruka kama watoto! Tumepata ndugu wawili, jeni moja imeharibika vilevile kwa wote. Mafuta mengi hivyo kwenye damu hatujawahi kuyaona! Profesa katununulia soda."

"Ndugu wawili?"

"Tunaona namba tu, mpenzi."

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Ni namba kumi na saba na kumi na nane?"

"Umezijuaje?"

"Mmekunywa soda," kinyozi alisema, "kwa damu ya kaka yangu."

Akakata. Siku kumi na mbili Sindano alipiga, hakupokelewa. Ya kumi na tatu ulikuja ujumbe: *Kaka ameanguka.*

Alikimbia hadi wodini, koti likiwa bado mwilini.

"Shemeji," kaka alisema kwa sauti ya kukwaruza, "kumbe mwenye sherehe ni mimi, na soda sikuonja!"

Nje ya wodi kinyozi alimshika Sindano mabega. "Si mmeiona jeni? Itengenezeni!"

"Naijua ilipo. Naijua hata herufi iliyokosewa." Machozi yalimtoka. "Siwezi kuigusa. Dawa inayomfaa haijafika hapa, na mishipa yake imeshaziba."

Kaka alifariki kabla ya adhuhuri.

Wiki moja baada ya maziko, kinyozi alimwita saluni. Hakukuwa na mteja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, shati halijapigwa pasi.

"Nilikuwa na hasira na kifo, nikakumwagia wewe."

"Na mimi nilifurahia namba, nikasahau watu."

"Vidonge vitanisaidia?"

"Vitapunguza. Kiasi gani, hatujui bado."

"Na watoto?"

"Kila mmoja, nusu kwa nusu."

Kinyozi alimshika mkono. "Nataka kukuoa. Ila uzee siwezi kukuahidi."

"Sijakuomba uzee."

Sindano aliinama akalaza kichwa kifuani pake. Mara akakiinua, ameshtuka: alijikuta anahesabu mapigo.

Kinyozi akakirudisha taratibu kwa kiganja.

"Hesabu tu, mpenzi."