Annika na Ahadi ya Novemba

Kila siku ya shule, Bi Solveig Haugen alitoka nyumbani kwake katika mji wa Duluth, Marekani, kungali giza kwenda kuendesha basi la wanafunzi. Barua pepe zake zote alimwachia bintiye Annika, kwa sababu yeye na kompyuta walikuwa hawaivi chungu kimoja. Annika alisoma, akajibu, kisha jioni wakila akamweleza mama. Mpango huo haukuwa na kasoro mpaka Annika alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, akaingiwa na hofu ya vyuo.

Hofu yenyewe aliitia rafiki yake Kirsten. "Bado unangoja Januari kuomba vyuo?" alimtania wakila chakula cha mchana. "Mwenzako natuma maombi ya mapema kabla ya Novemba mosi, Desemba nina jibu. Ninyi wa kawaida mtagombania makombo."

Makombo hayo yalimkosesha Annika raha wiki nzima. Akachagua chuo kimoja cha jimbo la Vermont alichokijua kwa picha tu, akajaza fomu ya mapema. Sharti lake lilikuwa zito: unaomba hivyo chuo kimoja tu, na ukikubaliwa unakwenda, vingine vyote unaviacha. Ndiyo maana zilitakiwa sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi na ya mshauri wa shule. Ya mzazi iliombwa kwa barua pepe. Asubuhi moja, katika maktaba ya shule, Annika alifungua barua pepe ya mama na kuandika jina la mama. Alijiambia ni kazi ileile ya kila siku, lakini jioni ile hakumweleza mama.

Kesho yake mshauri, Bi Perala, alimwita ofisini. Dirisha lake lilitazama mahali mabasi yanaposhusha wanafunzi.

"Mama yako amesaini jana saa moja na dakika arobaini asubuhi," alisema. "Saa hiyo alikuwa hapo nje ameshika usukani. Nilimpungia mkono."

Annika aliinama kwa aibu. "Ni mimi, mwalimu. Niliogopa angekataa."

"Mimi bado sijasaini, na zimebaki siku nne. Kamwambie mwenyewe, halafu mje wote wawili."

Alasiri alimkuta mama akifagia basi tupu, akamweleza yote. Mama aliketi kwenye kiti cha mbele, ufagio mkononi. Annika aliumia kumwona vile.

"Labda ningesaini," mama alisema. "Lakini umeahidi kwa jina langu, na mimi hata sijui chuo chenyewe kikoje. Wewe umeshafika?"

"Hapana. Kila mtu anawahi, mama. Nikaona nitaachwa."

"Haya, kesho tunakwenda kwa mwalimu. Na barua zangu nitazisoma mwenyewe, hata kwa kidole kimoja."

Bi Perala hakuwakaripia. "Kirsten amekitembelea chuo chake mara mbili, na wazazi wake wamekubali," alisema. "Njia ya mapema inamfaa kwa sababu ameshachagua. Wewe unakimbia hofu tu. Ukienda kwa njia ya kawaida utajibiwa Machi, utalinganisha misaada ya ada, na una mpaka Mei kuamua."

Annika aliifuta ile fomu. Januari aliomba vyuo vinne, cha Vermont kikiwemo. Kimoja kilimkataa, vitatu vikamkubali. Aprili alivitembelea na mama. Cha Vermont kilikuwa kizuri kama kwenye picha, lakini kwenye kile cha Michigan aliwakuta wanafunzi wakipima maji ya ziwa, akajiunga nao mpaka mama akaja kumtafuta. Akakichagua hicho.

"Kuwahi si kosa, na kungoja si uvivu," mama alimwambia wakirudi garini. "Kosa ni kutoa neno la mtu bila yeye kujua."

"Nisamehe, mama. Sijawahi kukuambia neno hilo."

"Nilikusamehe tangu Oktoba," mama alisema. "Nilikuwa nangoja tu uniombe."