Onyo la Mstari wa Arobaini na Moja

Wewe unayesoma, usijifanye hukuona. Uliona kosa mbele ya macho yako, ukageuza uso, kwa kuwa halikukuhusu au kwa kuwa ulikuwa na hasira na mtu. Falonne naye aligeuza uso. Ilikuwa mwaka 2003, vita bado vinanguruma upande wa Mambasa. Miaka imepita, lakini mimi sisahau.

Falonne alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila siku akitoka shule alipita nyumbani kwao Vulamba, mtaa wa mji wa Butembo, akala bugali na maharagi, kisha akateremka mpaka chumba cha parokia. Humo Mwalimu Manassé aliwasha jenereta kwa saa mbili, na kompyuta mbili kuukuu zikaamka zikikohoa. Programu zote zilikuwa za bure, na Manassé hakuchoka kueleza.

"Hii hakuna mutu alituuzia. Walioitengeneza waliiacha wazi. Unaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuirekebisha. Mais, lakini, na weye uwape wengine vilevile ulivyopewa."

Kwa vyombo hivyo, Falonne na rafiki yake Julie walikuwa wametengeneza programu ya kutafuta majina. Kila Jumanne Lukumani, dereva wa lori, alileta kutoka Beni disketi yenye orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao wakikimbia vita. Mzazi akija, unaandika jina la mtoto, mashine inajibu kama yuko au hayuko. Wasichana hao walihangaika na kazi hiyo miezi miwili, benchi moja, hata hindi la kuchoma wakivunja nusu kwa nusu.

Jumanne moja Lukumani aliingia na diski mpya inayong'aa.

"Haya, ba-ingénieurs! Hii imetoka Kampala. Askari wa barrière, pale kizuizini, alitaka kuikamata, anafikiri ni muziki. Nikamwambia, chef, mukubwa wangu, mule hamuna hata ngoma moja. Akainusa, akanirudishia!"

Ndani yake mlikuwa na toleo jipya la chombo kinachogeuza maandishi ya programu yawe kitu ambacho mashine inaelewa. Toleo jipya lilikuwa sikukuu mle chumbani. Manassé alisoma kwa sauti mambo yote yaliyobadilishwa, na majina ya waliofanya kazi hiyo. "Toleo hili linaonya pale ambapo la zamani lilinyamaza," alisoma. "Falonne, jaribu nalo programu yenu."

Falonne akafungua maandishi yao. Juu kabisa, palipokuwa na majina mawili, lilibaki moja: Imetengenezwa na Julie.

"Julie, jina yangu iko wapi?"

Julie alicheka kidogo, macho chini. "Mais Falonne, weye ulikuwa unanisaidia tu. Kesho wageni wanakuja kutoka Beni kuona programu. Majina mawili itawachanganya."

Kusaidia tu! Wakati Julie analala na malaria wiki mbili, nani aliandika sehemu yote ya kutafuta? Nani alimpelekea daftari kitandani asiachwe nyuma? Falonne aligeukia mashine akabonyeza, na kioo kikaandika onyo: mstari wa arobaini na moja, nafasi ni ya majina elfu moja tu, yanayozidi yatapotea.

Orodha ya siku hiyo ilikuwa na majina elfu moja na mia mbili. Kurekebisha ni kazi ya dakika kumi. Falonne alilisoma onyo mara mbili, halafu akalifuta.

"Inasema aje?" Manassé aliuliza.

"Hapana kitu, Mwalimu. Iko muzuri."

Acha aaibike mbele ya wageni wake, alijisemea.

Lakini kesho yake wageni walijaribu majina matatu, yote yakapatikana, wakampigia Julie makofi. Walipoondoka tu, akaingia Hadjara. Mama huyo alikimbia kutoka barabara ya Mambasa, na wazazi wa Falonne walimpa mahali pa kulala jikoni kwao. Mwanawe Fadhili, mwenye miaka sita, alimponyoka mkononi katika msongamano. Julie aliandika jina hilo. Mashine ikajibu: hayuko.

Falonne alikuwa amesimama palepale. Alilikumbuka onyo la jana, akachukua daftari lake akatoka.

Alhamisi jioni Hadjara alisukuma sahani waliyokuwa wakila pamoja na Falonne. "Kama haiko Beni, haiko Butembo, basi alibakia mu pori. Kesho Lukumani atanifikisha Beni. Kutoka pale nitaenda na miguu."

"Mama Fadhili, kule watakuua!" mama yake Falonne alisema.

"Nibaki kufanya nini?"

Falonne aliiondoa sahani, akaenda kuiosha nje. Jua lilipochomoza alikuwa tayari mlangoni kwa Manassé. "Mwalimu, nilikudanganya." Mwalimu alimtazama, hakumkemea, akaenda kuwasha jenereta. Dakika kumi. Jina la elfu moja mia moja arobaini na saba: Fadhili, miaka sita, kovu kwenye goti, yuko kwenye kituo cha watoto, Beni.

Falonne alikimbia mpaka maegesho. Hadjara alikuwa ameshakaa juu ya magunia.

"Mama Fadhili! Yuko! Yuko Beni, kituoni!"

Hadjara alishuka. Alimfanya arudie mara tatu, akalia, akafuta machozi kwa kitenge. Kisha akauliza taratibu, "Ulijua mashine inaficha majina tangu lini?"

"Jumanne."

"Jumanne. Tulikula sahani moja, Falonne, unaniangalia."

"Nilikuwa na hasira na Julie."

"Na miye? Nilikukosea nini?"

Hadjara alipanda tena lori bila kumgusa. Lukumani alitia injini moto, lori likaondoka.

Jioni habari ilifika kwamba mama amempata mwanawe. Manassé aliwaita wasichana wote wawili.

"Julie, uliiba jina ya mwenzako, naye ndiye alikubebea daftari. Falonne, uliibiwa jina, weye ukamwibia mama mutoto. Kitu tulichopewa wazi hatuna haki ya kukifunga, hata kwa kunyamaza. Na miye niliuliza mara moja tu, nikaridhika."

Julie alirudisha majina yote mawili kwa mkono wake. Jumanne iliyofuata toleo jipya la programu yao liliondoka na lori kwenda Beni, na mbele kabisa Falonne aliandika: Toleo la kwanza lilificha majina mia mbili. Kosa lilijulikana Jumanne, likanyamaziwa. Kama uliambiwa mtoto wako hayuko, rudi uulize tena.

Na wewe, unajua ulichokiona ukakifuta. Funga kitabu hiki. Simama. Nenda ukakiseme sasa hivi, kabla mtu hajapanda lori kwa sababu yako.