Unga Uliogoma Kuumuka

Kila Jumamosi asubuhi, Herieth na shangazi yake Silvana huoka skonzi za mdalasini nyumbani kwao Katandala. Herieth, mwanafunzi wa darasa la sita, huwasha mkaa na kupaka siagi. Kukanda ni kazi ya shangazi. Lakini Jumamosi moja shangazi aliitwa kwenda kupamba kanisa. Kesho yake watoto wa jumuiya yao walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza, na skonzi za chai yao zilikuwa zinatoka kwa Silvana.

"Leo utakanda wewe," alisema. "Hamira uiloweke kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Nikirudi saa sita nikute unga umeumuka."

Asubuhi hiyo baridi ya Sumbawanga ilikuwa inauma vidole. Herieth aliona kungoja maji yapoe yawe ya uvuguvugu kutamchelewesha. Birika lilikuwa linachemka, akamimina maji yale juu ya hamira. Akakanda mpaka mabega yakamuuma, akafunika beseni kwa kitambaa.

Saa nne alifunua. Unga ulikuwa vilevile. Saa tano, vilevile. Alilisogeza beseni karibu na jiko, akabadilisha kitambaa, akafunua tena na tena. Amekosea wapi? Unga ni uleule wa siku zote, hamira ni ileile, beseni ni lilelile!

Shangazi aliporudi naye alishangaa. "Maji yalikuwa ya uvuguvugu?"

"Ndiyo, shangazi." Jibu lilimtoka kabla hajafikiri.

"Basi mzee Maganga ameniuzia hamira mbovu. Twende!"

Dukani walikuta wateja watatu. "Shikamoo, mzee," alisema Silvana, na kabla hata ya kuitikiwa vizuri akaanza kulalamika. Mama mmoja aliposikia, aliirudisha hamira aliyokwisha kuinunua.

Mzee Maganga hakubisha. Alifungua pakiti kutoka boksi lilelile, akaikoroga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari. Wakasubiri. Polepole povu likapanda mpaka ukingoni.

"Hamira ni nzima," alisema. "Sasa hata mimi sielewi."

Herieth aliangalia povu, kisha ile pakiti iliyorudishwa. Kumbe kosa alilolitafuta tangu asubuhi lilikuwa lake mwenyewe: maji yale ya birika!

"Shangazi, maji yalikuwa yanachemka," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikudanganya. Mzee, naomba unisamehe."

Silvana aliinamisha kichwa, akamwomba mzee radhi mbele ya watu wote. Yule mama akaichukua tena pakiti yake.

Nyumbani waliloweka hamira mpya, wakaiongeza kwenye ule unga pamoja na unga mwingine mkavu, wakakanda upya. Saa tisa ulikuwa umevimba na kusukuma kitambaa juu. Wakausukuma, wakanyunyiza sukari na mdalasini, wakauviringisha na kuukata. Jioni majirani walikuwa wanauliza harufu ile inatoka wapi.

"Hamira ina uhai, Herieth," shangazi alisema akizipanga skonzi kwenye ungo. "Maji yanayochemka yanaiua. Hilo hukulijua, na kutojua si dhambi. Lakini uliponificha, nililitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, nikamwaibisha mtu mwema. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Nitakukaripia kidogo, halafu tutarekebisha pamoja."