Pembe Moja, Mrija Mmoja

"Niwekee na mimi," Zunilda alisema.

Ceferino hakugeuka. Alikuwa kibarazani, jagi la barafu miguuni, anajimiminia terere, chai baridi ya majani, kwenye pembe yake mpya ya kunywea na kunyonya kwa mrija wake mpya.

"Wewe si umekatazwa baridi?"

"Tia maji ya moto basi. Nataka tunywe wote, zamu kwa zamu, kama zamani."

"Zuni, tusianze asubuhi asubuhi."

"Miezi minne, Cefe. Pembe tuliyopewa na baba siku ya harusi umeitundika ukutani."

"Daktari mwenyewe alisema usichangie mrija na mtu. Ulikuwepo, au hukuwepo?"

Daktari alisema, ni kweli. Lakini mjini kwetu hapa Itaguá, mke na mume wakiacha kuchangia mrija, majirani huanza kuulizana nani kahama chumba. Miaka kumi na tisa wawili hawa walikunywa pembe moja, na hakuna aliyetangulia kusema asante. Kwetu anayerudisha pembe na asante ametosheka, hawekewi tena.

"Leo utanisindikiza?"

"Nani atafungua gereji? Nenda, Blasida atakupikia supu ukirudi."

Blasida ni binamu yake Zunilda, aliyekuja kumuuguza. Alikuwa bado kitandani. Zunilda alifunga kitambaa juu ya nywele zilizobaki, akaenda kupanda basi peke yake. Ilikuwa zamu yake ya sita ya kutiwa dawa.

Hospitalini Bi Obdulia alikuwa ameshawahi kiti cha dirishani, dripu mkononi, amevaa glavu za sufi na joto lote lile. Naye ana saratani ya utumbo kama Zunilda, kamtangulia kwa zamu mbili.

"Umekula, mwanangu?"

"Kila kitu kina ladha ya chuma."

"Tumia kijiko cha plastiki. Na mkate mkavu wa chipa uutafune kabla hujanyanyuka kitandani, kichefuchefu kitapungua. Vidonda vya mdomoni?"

"Vipo."

"Sukutua na maji ya chumvi na magadi kidogo, yawe vuguvugu. Friji unafungua na glavu?"

"Jana nilisahau. Nimeshika chupa, vidole vikachomwa kama na sindano elfu. Hata lesi siwezi kufuma, sindano siisikii, najichoma mpaka damu."

"Mwambie daktari hilo, usimfiche. Mumeo yuko wapi?"

Zunilda alimwambia yote, pembe mpya, mrija mpya, kiti ambacho Ceferino hukisogeza mbali naye hatua moja kila wiki.

Bi Obdulia alimsogelea.

"Sikiliza. Dawa hii inaua chembe za kinga, ndiyo maana umekatazwa mrija wa watu. Unalindwa wewe dhidi ya mate yao. Saratani haipiti kwenye mrija. Mume wangu anakunywa ya moto Januari yote, jasho linamtiririka, kila mtu na mrija wake, ili tu nisinywe peke yangu. Na analalamika huyo, utadhani ndiye mgonjwa."

Zunilda alicheka, kisha machozi yakamtoka. Kumbe mtu wake hakuelewa tu. Hofu ilimzidi, maskini.

Muuguzi alikuja na karatasi.

"Zunilda, damu haijaruhusu. Chembe nyeupe ziko chini. Rudi Jumatano. Ukipata homa usingoje, njoo mbio."

Siku nyingine angelia. Leo alimwandikia mumewe: "Sindano imeahirishwa, narudi. Cefe, tulimwelewa vibaya daktari. Siambukizi. Nitakueleza." Ujumbe haukusomwa. Kituoni alinunua mirija miwili ya chuma, mmoja wake, mmoja wa Ceferino. Njia nzima aliishika mapajani, akipanga maneno ya kumtoa mtu hofu.

Gereji ilikuwa imefungwa. Kicheko kilitoka uani.

Walikuwa kwenye benchi moja, miguu ya Blasida mapajani mwa Ceferino. Mikononi mwa Blasida ilikuwa pembe ya harusi. Alinyonya, akampa. Ceferino akautia mrija mdomoni bila hata kuufuta.

"Zuni," alisema, akiisukuma ile miguu. "Ni terere tu."

"Na gereji?"

"Binamu, usifikirie vibaya," Blasida alidakia.

"Sijafikiria, nimeona. Tangu lini?"

Blasida alichukua jagi la barafu, akalipakata.

"Nakuuliza wewe, Ceferino."

"Tangu Oktoba," alisema akitazama chini. "Nyumba nzima inanuka dawa. Na mimi ni binadamu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuambukizwa."

Zunilda alimgeukia Blasida.

"Supu ninayobakiza kila siku, nani anaimalizia?"

"Mimi. Si vizuri kumwaga chakula."

"Kwa kijiko gani?"

"Chako hicho hicho."

Ceferino alijifuta mdomo kwa kiganja. Alijifuta tena, kwa nguvu zaidi. Blasida alimtazama akijifuta, na uso wake ukabadilika.

"Acha kujifuta," Zunilda alisema. "Haiambukizi. Nilikuwa nakimbia nyumbani kukwambia hivyo."

Aibu ilimvaa mwanaume. Alijaza pembe kwa maji ya barafu, akainyoosha kwa mkewe.

"Haya, Zuni. Si ulitaka? Shika, tunywe kama zamani."

Miezi minne aliusubiri mkono ule. Akaipokea bila glavu. Baridi ilimpenya vidoleni mpaka viwikoni, wala hakuiachia. Aliishika akimtazama Ceferino machoni, huyu mtu aliyempenda, aliyempenda mpaka asubuhi hii. Kisha akamrudishia ikiwa imejaa, hajaigusa kwa mdomo.

"Asante," alisema.

Ceferino alibaki ameishika. Blasida aliweka jagi chini taratibu.

Zunilda aliingia ndani, akavaa glavu, akaanza kukunja nguo zake. Alimwandikia Bi Obdulia: "Kwako kuna kitanda mpaka Jumatano?"

Jibu lilikuja upesi: "Kipo. Maji ya moto yapo. Njoo na mrija wako."

Zunilda aliandika: "Ninayo miwili. Mmoja wa mumeo."