Kengele ya Kushukia

Rafiki yangu, dereva wa basi la shule, ndiye aliyenisimulia. Jioni moja alikuwa ameshawashusha watoto wote, na mawingu ya mvua yametia giza barabarani. Huku akiendesha, akamwandikia mkewe kwenye simu: "Nakuja, mama watoto, msinimalizie nyama."

Ting! Ting! Kengele ya kushukia ikalia nyuma. Akainua macho, akakanyaga breki. Mbele ya taa za basi alisimama bibi amemkumbatia mjukuu wake.

"Baba, macho umeyaacha wapi?" bibi akafoka.

Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani. Akageuka kumtazama aliyepiga kengele. Viti vyote vilikuwa vitupu.

Kwa aibu akafungua sanduku la vifaa aifiche simu. Humo ilikuwemo kengele ileile, aliyoing'oa asubuhi baada ya kuharibika.

Ilikuwa bado inatetemeka.